Mke wa Saruni Ameshaingia

Mlipolikunja gazeti Jumapili iliyopita mliniacha langoni kwa wakwe zangu, beseni la chapati sitini mikononi, na askari wa kukodi ananiambia, "Mama, mke wa Saruni ameshaingia. Wewe ni nani?"

Bado nimesimama hapo. Mikono imeniuma wiki nzima.

Kwa yule ambaye gazeti lake la nyuma lilifungia nyama kabla hajalisoma, nitaeleza upesi. Mimi ni Wamaitha, wa duka la rangi, nyuma ya soko la Kitengela. Mume wangu ni Saruni mchoraji, yule aliyeanza kwa kuchora vichwa vya ng'ombe kwenye kuta za bucha, akaishia kuchora picha ambazo wageni huziangalia wameshika kidevu. Nimekaa naye miaka kumi na tisa. Kati ya hiyo, saba alikuwa akilewa, miwili alikuwa akilia, na siku moja alichoma kibanda chake cha kuchorea, nikatoka ndani na maturubai matatu mgongoni kama punda anayehama.

Sasa watu wa filamu wamekuja kutengeneza maisha yake. Sehemu yangu ya ujana wakampa msichana anayeitwa Lorna. Alikaa kwangu majuma mawili akinisoma: ninavyocheka, ninavyofunga kitambaa, ninavyogombana. Nilimfundisha yote. Nadhani katika Kajiado nzima mimi ndiye mtu wa kwanza kumwonyesha mwizi mlango, dirisha na mahali pa funguo, kisha nikampikia chai.

Mimi pia walinipa kipande kidogo cha kuigiza. Mke mkubwa wa jirani, anayekaribisha mke wa pili. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Nimekubali. Aingie. Nyumba ni kubwa." Nilifanya mazoezi hadi wateja wa rangi wakaanza kuniuliza nyumba ni ya vyumba vingapi.

Kumbukeni hayo maneno. Yatarudi.

Na kumbukeni siku. Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, Ijumaa, wapimaji walikuwa wanakuja kugawa shamba la familia huko uwandani, ng'ambo ya Kajiado mjini. Mzee Kasaine, baba mdogo wa Saruni, ndiye angetaja majina: kila mwanamume na mke wake, kila mke na kipande chake cha kujenga nyumba. Binti yetu Soipan yuko kidato cha tatu. Kipande hicho ndicho pekee nilichokuwa nikimngojea.

Cheti cha ndoa sina. Hatukuwahi kwenda kwa mkuu wa wilaya wala kwa pasta. Nilichokuwa nacho ni kondoo.

Haya. Langoni.

"Mimi ni mke wa Saruni," nikamwambia askari.

"Wa filamu ama wa ukweli?"

"Wa chapati. Fungua."

Akafungua. Chapati zina nguvu ambazo cheti hakina.

Ndani kulikuwa na mahema, nyaya, jenereta, na nyumba ya udongo iliyojengwa upya kwa ajili ya filamu, mahali palepale ilipokuwa nyumba yangu ya kwanza. Kwenye ubavu wa lori walikuwa wametundika nakala ya ile picha kubwa ya Saruni, ile iliyomtoa kwenye kuta za bucha. Ukubwa wake kama mlango. Ndiyo waliyoitumia kwa matangazo.

Mimi ndiye niliye kwenye hiyo picha. Niko na miaka ishirini na mitano, nimesimama kwenye lango la boma nimekataa kuingia. Ndivyo bibi arusi anavyofanya huku. Anasimama hapo, wanawake wa boma wanamtukana mpaka machozi yamtoke, naye hasogei hata hatua mpaka aahidiwe mnyama. Kwenye picha mama mkwe wangu Kakenya, ambaye boma zima humwita Yeyo, yaani mama, ananikabidhi kondoo jike.

Kuanzia siku unayopewa kondoo huyo, wewe na mama mkwe hamwitani tena majina. Yeye anakuita Paker, nawe unamwita Paker, kwa ajili ya kondoo aliye kati yenu. Hadi kaburini. Mwenye jina hilo hahitaji karatasi. Wamaasai wakikusikia umeitwa Paker wanajua umefika.

Kondoo wangu mwenyewe alidumu siku tisa. Niliambiwa fisi alimchukua. Nililia kidogo, nikasahau. Jina lilibaki.

"Mama Soipan!" Huyo alikuwa Oyoo, mwongozaji wa filamu, mtu mnene mwenye furaha ya mtu ambaye matatizo yote ni ya wengine. "Umekosa! Jumanne ilikuwa moto!"

"Jumanne kulikuwa na nini?"

"Si harusi! Ile ya langoni."

Nikaweka beseni chini. "Oyoo, karatasi niliyopewa ilisema harusi ni leo Alhamisi. Ndiyo maana nimekuja leo na chapati."

"Tulibadilisha. Mzee Saruni akasema atakupigia."

"Hakunipigia."

"Basi labda netiwaki." Akajikuna shingo. "Lakini ngoja nikwambie, Mungu yuko. Timothy, yule kijana anayeigiza bwana yako, aliamka na homa, hawezi kusimama. Nikasema leo tumekwisha. Bwana yako akasema, mimi mwenyewe nitaingia. Nipigeni picha kwa nyuma. Mgongo ni mgongo."

"Kwa hivyo mume wangu amemwoa Lorna kwa mgongo."

"Kwa filamu, Mama." Akacheka. Mimi pia nikacheka. Mimi hucheka kwanza, ndiyo maana watu hunidanganya vizuri.

"Na wale wanawake!" Oyoo akaendelea. "Sikuwa nimewaandikia hata neno. Walimtukana yule msichana, wakamwambia ana miguu ya korongo, ana makalio ya kuazima, kwao wanakula majani. Akalia machozi ya kweli. Kamera imeyashika yote."

Kicheko kikanikwama. Mimi niliambiwa nina masikio ya punda, na kwamba kwetu tunakula majani. Hayo ya majani ni ya lazima. Lakini wanawake wa boma hili hawapotezi matusi kwa mtu wa kupita. Hutukana bibi arusi tu.

"Oyoo. Kondoo mlimtoa wapi?"

"Aa, hapo mama mzee alitushinda. Sisi tulikuwa tumenunua mmoja sokoni. Akamwangalia, akasema huyu hana mtu. Akaenda zizini akaleta wake."

Nilikuwa nimemwona kondoo mwenyewe, nyuma ya ile nyumba ya filamu, amefungwa kamba mpya, anakula nyasi alizokatiwa na mtu. Kondoo wa filamu hakatiwi nyasi.

Hapo ndipo Yeyo akatokea mlangoni kwake, kibuyu mkononi.

"Paker!" akaita.

Miguu yangu ilijibu kabla ya mdomo. Ndiyo mazoea ya miaka kumi na tisa. "Naja, Paker," nikasema, nikaanza kwenda.

"Si wewe, Mama Soipan," akasema, kwa upole wa ajabu. "Wewe umetoka mbali. Keti upumzike."

Mama Soipan. Hajawahi kuniita hivyo tangu Soipan azaliwe.

Nyuma yangu mtu akapita. Kitambaa changu kichwani, nimemfunga mimi mwenyewe Kitengela nikimwonyesha fundo. Mwendo wangu. Shanga zangu za harusi, nilizomwazima.

"Naja, Paker," Lorna akasema.

Nikageuka kutafuta kamera. Kamera ilikuwa pale hemani, imefunikwa kitambaa chake cheusi. Wapiga picha walikuwa wanakula chapati zangu.

Hakuna aliyekuwa anaigiza.

* * *

"Yeyo," nikamwambia ndani, Lorna alipotoka na kibuyu. "Yule ni mtoto wa filamu."

"Najua. Filamu ni kazi yake. Wewe ulikuja hapa ukiuza rangi, kwani hukuolewa?"

"Nani amekwambia yule ameolewa?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Wewe."

"Mimi?"

Akaingiza mkono kwenye shuka, akatoa simu. Simu ya zamani ya Saruni, ile yenye ufa. Akaibonyeza kwa kidole gumba, polepole, alivyofundishwa.

Nikajiona. Niko kwangu Kitengela, siku ya mazoezi mbele ya Oyoo, Saruni akinirekodi kwa simu hiyo; nimekaa kitini, mikono magotini. Nikajisikia.

"Nimekubali. Aingie. Nyumba ni kubwa."

Na chozi moja hapa shavuni. Oyoo alilisifu sana lile chozi. Alisema ningekuwa nimeanza mapema, leo ningekuwa mbali.

"Saruni alituonyesha, mimi na Kasaine," Yeyo akasema. "Tulikuwa tumekataa. Tukamwambia, mwenzako amekutoa kwa pombe, humletei mwanamke mwingine bila neno lake. Ndipo akaleta hili. Mama Soipan, mimi nililia. Nikasema, huyu mwanamke ana moyo kama nini."

"Yeyo, hayo ni maneno ya filamu! Niliigiza mke wa jirani!"

"Jirani gani?"

"Hakuna jirani! Jirani wa kuandikwa!"

Akaangalia simu, akaniangalia mimi. "Sasa nitajuaje," akauliza, "wakati gani unaigiza na wakati gani wewe ni wewe?"

Nikatoka kumtafuta mwenye simu.

* * *

Saruni alikuwa nyuma ya nyumba, anachora.

Hachori kwenye maturubai ya dukani. Huchora kwenye maturubai ya malori, yaliyozeeka. Mimi huyasugua kwa sabuni, huyavuta kwenye mbao, huyapaka rangi nyeupe mikono mitatu hadi yawe kama ukuta. Kwenye filamu sehemu hiyo waliitoa. Kwenye filamu turubai linajiosha lenyewe.

"Umekuja mapema," akasema, brashi mdomoni.

"Nimechelewa siku mbili."

Akatoa brashi. Hakujifanya hajui. Kwa hilo namsifu.

"Wamaitha, nilitaka kukwambia vizuri."

"Niambie vibaya. Nimezoea."

"Alipokuwa mazoezini pale langoni, amefunga kitambaa chako, anacheka kicheko chako, nilikuona. Wewe wa siku zile. Sikumwona Lorna hata kidogo." Macho yake yalilowa. Huyu mtu hulia kwa urahisi, ndiyo maana wanamtengenezea filamu. "Ni kama nimekuoa wewe tena."

Nimeachwa kwa njia nyingi katika hii hadithi, nyinyi ni mashahidi. Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunyang'anywa mume na mimi mwenyewe.

"Kama ni mimi," nikamwambia, "basi mpe na mgongo wangu, ulioharibika nikibeba maturubai yako. Mpe na vile viatu nilivyomaliza soli nikikutafuta baa za Tuala na Gataka, wewe umelala juu ya meza ya mtu. Mpe na ile miaka miwili uliyolia. Usichague nyama tu, Saruni. Mpe na mifupa."

"Hutatoka kwako. Kitengela ni kwako. Duka ni lako."

"Na hapa?"

Akachovya brashi.

"Kesho watu wa kupima wanakuja. Hapa nitaandikwa nani?"

"Hapa ni mambo ya wazee."

"Basi nitaenda kwa mzee Kasaine sasa hivi, nimwambie ulimwonyesha maigizo."

"Nenda," akasema. Hata hakugeuka.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu aliyeshikwa na wizi hugeuka. Asiyegeuka ana kitu mfukoni.

* * *

Njiani nilimkuta Lorna karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimemwandalia maneno ambayo gazeti hili halichapishi. Lakini aliponiona alianguka begani kwangu, akalia hadi blauzi ikalowa.

"Mum, aki mimi nilijua ni kazi tu," akasema. "Wakanitukana, nikafikiria ni sehemu ya kazi. Mama mzee akanipa kondoo, nikafikiria ni ya kamera. Oyoo akasema kata, mimi nikafunga virago. Huyo mama akaniambia naenda wapi na hapa ndio kwangu?"

"Na Saruni?"

"Saruni ananiangalia vibaya, Mum. Ananiita Wamaitha."

"Leo umeitwa Paker ukaitika."

"Ningefanyaje? Ni mzee. Mlinifundisha mzee akiita unaitika."

Kweli nilimfundisha. Nikamfuta machozi na ncha ya kitambaa changu, kilichokuwa kichwani mwake. "Utasema hivyo mbele ya mzee Kasaine?"

"Nitasema yote."

"Twende."

Nikamshika mkono. Tulienda tumeshikana, mimi na ujana wangu, na nikajiona nimeshashinda.

* * *

Mzee Kasaine alikuwa ametengewa kiti cha plastiki ndani ya hema la kulia. Ni mzee wa maneno machache, na hata hayo huyatoa kama anayang'oa. Yeyo akaletwa akaketi kando yake, kibuyu mapajani. Saruni akaja akipangusa rangi mikononi. Wafanyakazi wa filamu wakajifanya wanakusanya sahani, wakabaki.

"Papa Kasaine," nikasema, "nimeletewa mke mwenza kwa simu."

"Nasikia," akasema.

"Yale maneno kwenye video niliandikiwa na huyu." Nikamwonyesha Oyoo, aliyekuwa nyuma ya nguzo ya hema. "Oyoo, ni uongo?"

"Ni ukweli, mzee," Oyoo akasema. "Ukurasa wa arobaini na moja."

"Hata chozi?" Yeyo akauliza.

"Chozi lilikuwa lake mwenyewe. Lakini nilimwomba."

Kasaine akamgeukia Lorna. "Na wewe, msichana. Jumanne ulisimama langoni kwetu kama nani?"

"Kama mwigizaji, mzee. Nilikuwa naigiza Mum Wamaitha."

Kasaine akapiga rungu lake gotini mara moja.

"Maneno ya kuigiza si maneno," akasema. "Kama huyu aliigiza kukubali, hakukubali. Na kama yule aliigiza kuolewa, hakuolewa. Kondoo wa Jumanne arudi zizini. Kesho nitataja jina nililokuwa nikilijua."

Nilitaka kumbusu yule mzee. Mkono wa Lorna ulikuwa bado mkononi mwangu, nikaubana. Nikamtazama Saruni nione uso wa mtu aliyeanguka.

Saruni alikuwa ametulia kama mtu anayengoja rangi ikauke.

"Papa," akasema, "ni sawa. Sikatai. Harusi ya kuigiza si harusi. Naomba tu sheria hiyo ipimwe sawasawa kwa wote."

"Una maana gani?"

"Njoo nikuonyeshe picha."

Tukatoka sote hadi kwenye lori. Jua lilikuwa linapiga ile nakala mpaka mimi wa miaka ishirini na mitano nikang'aa. Saruni hakunionyesha mimi. Aliweka kidole kwenye kichwa cha kondoo.

"Papa, soma sikio."

Mimi nimeitazama picha hiyo miaka mingi kuliko mtu yeyote. Turubai lake nililisugua mimi. Najua kila nyasi. Lakini mimi ni mtu wa Gatundu, si Mmaasai. Kwetu sikio la kondoo ni sikio la kondoo. Huku kila familia hukata masikio ya mifugo yake kwa namna yake. Sikio ni jina. Mzee wa huku humwona kondoo njiani akakwambia baba yake mwenye kondoo alizikwa wapi.

Kasaine akasogea. Akasogea tena. Pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Ncha imekatwa," akasema polepole, "na kando kumepasuliwa."

"Ya kwetu ni vipi, Papa?"

"Ya kwetu ni tundu katikati. Hili ni sikio la kwa Samuel, boma la pili." Akageuka kumwangalia Yeyo. "Kakenya. Kondoo wa Samuel alifanya nini kwenye harusi ya mwanao?"

Yeyo alikuwa ameinamia kibuyu chake.

"Mwaka ule kiangazi kilikuwa kimemaliza zizi lote," Saruni akasema. Sauti ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliokuwa kisu. "Mama aliona aibu. Akaazima kondoo kwa Samuel, bibi arusi apate kuingia. Baada ya siku tisa Samuel akaja kumchukua. Mimi nilimchora nilivyomwona. Mimi huchora ninachoona."

"Niliambiwa ni fisi," nikasema.



Miaka kumi na tisa nimemsingizia fisi wa watu.

"Kwa hivyo, Papa," Saruni akaendelea, "kama ya kuigiza si harusi, basi ya kwangu na Wamaitha pia ilikuwa ya kuigiza. Kondoo alikuja, akaonekana, akarudi kwao. Ni filamu bila kamera. Lakini yule wa Jumanne, sikio lake ni letu. Mama alimtoa zizini kwa mkono wake."

Nikamwangalia huyu mwanamume. Alijua. Kila mara nilipobeba maji ya kulowesha maturubai, alijua. Siku niliyotoa maturubai yake motoni, alijua. Kila nilipojigamba Kitengela kwamba mimi sihitaji cheti, mimi ni Paker, alikuwa kando akinywa chai, anajua. Tena alikuwa amelichora sikio hilo na kulitundika ukutani, apate kusifiwa.

"Yeyo," nikasema. "Ni kweli?"

Yeyo hakuinua kichwa. "Niliahidi nitakuletea mwingine mvua ikinyesha," akasema.

"Ilinyesha?"

"Ilinyesha mara nyingi, mwanangu." Akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kidole. "Lakini wewe ulikuwa umeshaitika. Nikaona jina limeshika. Nikaona nikileta kondoo sasa, utajua wa kwanza hakuwa wako."

Kasaine alirudi hemani, tukamfuata kama ng'ombe. Akaketi, nasi tukaketi. Rungu likapita kutoka mkono huu hadi ule. Nikaona kwa pembe ya jicho kile kitambaa cheusi hakipo tena juu ya kamera. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Oyoo alipoona nimeiona, aliweka kidole midomoni, kama ananiomba nisiharibu.

"Mimi ni mzee," Kasaine akasema mwishowe. "Nimesikia kondoo wa kuazima na harusi ya kuigiza. Kama nikifuata sikio, nampoteza mwanamke aliyetuzikia watu na kutulelea mtoto. Kama nikifuata maneno, nasema zizi letu linasema uongo. Sitafuata lolote." Akamgeukia Yeyo. "Kakenya, jina hili si langu wala si la Saruni. Ni la anayetoa na anayepokea. Kibuyu hicho kina maziwa?"

"Kina maziwa."

"Mwite mke wa mwanao aje anipe ninywe. Mwite mara moja tu. Atakayekuja ndiye nitakayemtaja kesho."

Yeyo akainua uso. Alinitazama mimi. Akamtazama Lorna, ambaye bado nilikuwa nimemshika mkono, yule aliyeapa mbele ya watu kwamba alikuwa anaigiza tu.

"Paker," akaita.

Nikasimama.

Na mkono wa Lorna ukachomoka mkononi mwangu, naye akasimama.